Kupima mtandao Arusha na Moshi kwa utafiti wa uzamivu: namna ya kupata data ambayo mtahini ataiamini

Maandiko mengi ya utafiti wa mitandao huanza na lengo pana: kuchunguza ubora wa intaneti mikoa ya kaskazini. Lengo hilo halipimiki. Kabla ya kununua kifaa chochote, liandike upya liwe swali ambalo namba inaweza kulijibu. Kwa mfano: pakiti (kipande cha data) inayotoka nyumbani Njiro kwenda kwenye seva iliyopo Tengeru, inapita Arusha yenyewe, inazungukia Dar es Salaam, au inavuka bahari kwanza? Swali hili lina uzito. Arusha ina kituo chake cha kubadilishana trafiki ya intaneti, AIXP, na Dar es Salaam kuna TIX. Vituo hivi vimejengwa ili trafiki ya ndani isitoke nje, na mpimaji anaweza kuonyesha kama ndivyo inavyokuwa kwa mtumiaji wa kawaida.

Uzuri wa swali la namna hii ni kwamba fizikia inakusaidia. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani mikrosekunde 5 kwa kila kilomita. Arusha hadi Dar es Salaam kwa njia ya barabara ni zaidi kidogo ya kilomita 600, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 6 hivi kama nyuzi zimefuata barabara. Kwenda Ulaya na kurudi kunapita milisekunde 100 hata mtandao ukiwa mtupu. Ukipima Njiro hadi Tengeru ukapata milisekunde 160, una mambo mawili ya kutenganisha: umbali, na foleni ya pakiti zinazosubiri njiani. Foleni huongeza muda tu, haiwezi kuupunguza. Basi chukua muda mdogo kuliko yote katika vipimo vya siku nzima. Usiku wa manane foleni huisha, umbali hubaki. Kumbuka pia kwamba redio ya simu peke yake huongeza makumi ya milisekunde, hivyo milisekunde 45 kwenye laini ya simu hazithibitishi kwamba pakiti imetoka nje ya mkoa.

Vibali

Safari ya karatasi ni ndefu kuliko wengi wanavyopanga, na huwezi kuiruka. Andiko lipite kamati ya maadili ya chuo kwanza, kisha masharti ya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), ambayo kwa mtafiti asiye raia ni lazima yakamilike kabla ya kugusa uwanja. Halafu barua ya chuo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anayekuandikia wilaya, wilaya inaandika halmashauri, ukateremka hadi mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Arusha na Kilimanjaro ni mikoa miwili, kwa hiyo ukipima Tengeru na Moshi Mjini unahitaji minyororo miwili ya barua. Ianzishe yote siku moja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuhusu hata kama unapima mashine. Namba ya simu, anwani ya IP ya nyumba na mahali kifaa kilipofungwa vinamtambulisha mtu. Sheria hiyo pia ina masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na seva ya kukodi iliyopo Frankfurt ni nje ya nchi. Njia rahisi ni kuondoa utambulisho ukiwa bado Arusha, kisha kupeleka nje vipimo vitupu. Chuo chako ndicho kinachopaswa kuwa kimesajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kaulize ofisi husika mapema.

Laini za simu nazo zina sheria zake. Usajili ni kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na mtu mmoja ana ukomo wa laini anazoruhusiwa. Omba chuo kizisajili kama taasisi. Usimwombe ndugu au mwenye nyumba akusajilie, kwa sababu hapo jina lake linakuwa ndani ya data yako.

Kifaa

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye kumbukumbu ya GB 2 inatosha. Inahitaji chaja ya volti 5 na ampea 3. Chaja za simu za mitaani ndizo chanzo cha kwanza cha matatizo: modemu ya USB inapovuta umeme kwa ghafla, volti hushuka, na ikishuka chini ya 4.63 kifaa hujipunguza kasi au modemu hupotea kabisa kisha kurudi. Ukiangalia data utadhani ni mtandao uliokatika. Amri ya vcgencmd get_throttled itakuambia kama volti ilishuka tangu kifaa kiwashwe, nawe hifadhi jibu lake kila saa pamoja na vipimo.

Kadi ya kumbukumbu huchoka kwa kuandikwa mara kwa mara na huharibika umeme ukikatika katikati ya kuandika. Weka mfumo kwenye kadi, vipimo viandike kwenye diski ya SSD ya USB. Usiweke kifaa darini chini ya mabati. Pi 4 huanza kujipunguza kasi joto la kichakataji likifika nyuzi 80, na mchana wa Moshi chini ya bati jeusi hauko mbali na hapo.

Kama swali lako ni kuhusu mtandao wa mtoa huduma, unganisha kifaa kwenye ruta kwa kebo. Kupima kupitia Wi-Fi ni kupima ukuta, umbali na vifaa vya jirani. Kama unataka kujua anachokipata mtu kwenye simu yake sebuleni, hapo Wi-Fi ni sehemu ya swali, basi itumie na uandike umbali kutoka kwenye ruta.

Vifaa vingi vya laini za simu vitakuwa nyuma ya anwani za pamoja za mtoa huduma. Ukiona anwani inaanzia 100.64 hadi 100.127, ndiyo hiyo. Huwezi kukifikia kifaa kutoka nje, lazima chenyewe kikufuate. Funga WireGuard (programu ya njia ya siri, VPN) kutoka kwenye kifaa kwenda seva ya chuo na uweke ishara ya kudumisha njia kila sekunde 25, la sivyo mlango hufungwa kimyakimya na utalazimika kupanda basi kwenda Marangu kuwasha upya kitu ambacho hakijaharibika.

Wapi vifungwe

Usivifunge kwa marafiki tu. Marafiki wa mtafiti huishi maeneo yanayofanana na hulipia intaneti zinazofanana. Gawanya eneo kwa tabaka: katikati ya mji, pembezoni kama Ngaramtoni na Usa River, na milimani. Kwa upande wa Moshi tofauti ni kubwa zaidi: Pasua ni tambarare, ilhali Kibosho na Marangu zimekatwakatwa na mabonde ya mito inayoshuka Kilimanjaro. Nyumba mbili zinazotazamana ng'ambo ya korongo zinaweza kuwa moja inauona mnara na nyingine hauoni. Andika nguvu ya mawimbi kila dakika: karibu na −80 dBm ni nzuri, karibu na −110 ni dhaifu. Bila namba hiyo hutaweza kusema kama tatizo ni mteremko au ni msongamano.

Vifaa 12 vinavyotunzwa vizuri vina thamani kuliko 40 vilivyotelekezwa. Lakini elewa maana ya 12. Vipimo laki moja kutoka nyumba 12 bado ni nyumba 12. Vipimo vya kifaa kimoja vinafanana kwa sababu vinatumia laini ileile, mnara uleule na ruta ileile, kwa hiyo ukikokotoa kiwango cha mashaka kana kwamba kila kipimo kinasimama peke yake, utapata mashaka madogo mno na hitimisho lisilostahili. Unapotumia mbinu ya kuchota upya sampuli (bootstrap), ile aliyoianzisha Bradley Efron mwaka 1979, chota nyumba nzima-nzima, usichote kipimo kimoja kimoja.

Saa ya kifaa

Hapa ndipo tasnifu nyingi za vipimo huumia bila mwandishi kujua. Pi 4 haina saa inayotembea umeme ukiwa umezimwa. Huhifadhi muda kwenye faili mara kwa mara, na ikiwashwa huanzia kwenye muda wa mwisho uliohifadhiwa. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, kifaa huamka kikiwa nyuma kwa saa tatu au zaidi, kinaanza kupima, na vipimo hivyo vinaandikwa muda wa zamani. Baada ya sekunde au dakika kadhaa kinapata muda sahihi kutoka mtandaoni na kuruka mbele. Kwenye jedwali lako kutakuwa na vipimo viwili vya muda mmoja, na pengo la umeme litakuwa limefunikwa nusu.

Tiba yake ina sehemu nne, na zote zinahitajika. Funga moduli ya saa ya DS3231 yenye betri ya CR2032. Kosa lake ni sehemu 2 kwa milioni, kama dakika moja kwa mwaka. Tumia chrony kurekebisha muda, na programu ya vipimo isianze mpaka amri ya chronyc waitsync ikubali. Mtandao ukiwa haupo kabisa, ianze kwa saa ya moduli na iandike hivyo. Pima vipindi kwa saa ya mfumo isiyorudi nyuma (monotonic clock), usipate kipindi kwa kutoa tarehe moja kutoka nyingine. Mwisho, kila mstari wa data uwe na kitambulisho cha uwashaji kinachopatikana kwenye /proc/sys/kernel/random/boot_id, pamoja na sekunde tangu kifaa kiwashwe. Kwa vitu hivyo viwili unaweza kusahihisha muda uliokosewa hata mwaka mmoja baadaye. Bila hivyo huwezi.

Hifadhi muda wote kwa UTC (saa ya kimataifa), kisha uongeze saa 3 wakati wa kuchora michoro. Na kama una dodoso, angalia sana saa wanazotaja watu. Mhojiwa akisema mtandao huwa mzito saa tatu, anaweza kuwa anamaanisha 09:00 au 21:00, na mkusanyaji mwingine ataandika 3:00. Fomu iwe na sehemu ya kuandika kama alivyosema, pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku. Ubadilishaji ufanywe na programu, na safu ya awali isifutwe.

Ratiba na bando

Kipimo cha ping, yaani kutuma pakiti ndogo na kupima muda wa jibu kurudi, ni chepesi. Pakiti ya kawaida ni baiti 84, kwenda na kurudi 168. Ping 10 kila dakika 5 ni 2,880 kwa siku, chini ya nusu megabaiti. Hata ukipima seva nne hufiki MB 60 kwa mwezi.

Kipimo cha kasi ndicho kinachokula bando. Sekunde 10 kwa megabiti 20 kwa sekunde ni MB 25. Ukipima kila saa ni MB 600 kwa siku, GB 18 kwa mwezi kwa kifaa kimoja, GB 216 kwa vifaa 12. Vipimo 6 kwa siku vinashusha hesabu hadi GB 54 kwa vyote. Sita vinatosha ikiwa muda wake ni wa nasibu. Usipime kila siku saa ileile kamili, kwa sababu mashine nyingi duniani zimepangiwa kazi mwanzo wa saa, na vifaa vyako 12 vikiamka pamoja vitapima msongamano vinaousababisha vyenyewe kwenye seva. Chagua vipindi vya nasibu kati ya kipimo na kipimo kwa mgawanyo wa kielelezi (exponential). Ndivyo RFC 2330, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 1998, unavyopendekeza.

Kabla ya kila kipimo cha kasi soma kihesabio cha baiti cha ruta kwa sekunde 5. Kama familia inatazama video, andika hivyo na uahirishe. Andika pia kiasi cha bando kilichobaki, kwa sababu vifurushi vingi hupunguza kasi baada ya kiwango fulani, na grafu itaonyesha mtandao unaozorota kila mwisho wa mwezi.

Mapengo

Data inayokosekana haikosekani kwa bahati. Umeme ukikatika mtaani, kifaa huzimika, ruta huzimika, na mnara huingia kwenye betri. Mnara ukiwa kwenye betri, au watu wote wakihamia kwenye simu kwa sababu ruta za nyumbani zimezimika, ndipo mtandao unapokuwa mbaya kuliko siku nzima, na ndipo kifaa chako kiko kimya. Ukikokotoa wastani wa vilivyobaki, unaripoti mtandao wa saa za neema. Huu ndio udhaifu ambao mtahini mzoefu huutafuta kwanza.

Kwa hiyo kila kifaa kiwe na betri, na kiandike kumbukumbu fupi kila dakika: kipo hai, umeme wa gridi upo au haupo, mawimbi ya mnara yapo au hayapo, ping ya ruta imejibiwa au la, ping ya nje imejibiwa au la. Kumbukumbu hiyo ibaki ndani ya kifaa mpaka mtandao urudi. Sasa unaweza kutenganisha kifaa kilichozimwa, umeme uliokatika, mnara uliopotea, na mnara uliopo lakini hauna intaneti nyuma yake. Hayo ni matukio manne yenye sababu nne. Kwa betri: Pi na modemu hula kama wati 5. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, lakini usitumie zaidi ya nusu usije ukaiua, hivyo una 42, karibu saa 7 baada ya kuondoa kinachopotea kwenye kibadilisha volti.

Tunza pia daftari la matukio ya nje. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Mtafiti aliyekuwa anapima wakati huo bila daftari angeweza kuandika sura nzima kuhusu udhaifu wa Arusha kwa tukio lililotokea baharini kusini.

Majina na namba

Usidhani umeficha namba ya simu kwa kuipitisha kwenye SHA-256, kanuni inayogeuza data kuwa alama ya urefu maalumu iitwayo hashi. Namba za simu za Tanzania huanza na 06 au 07, zikifuatwa na tarakimu nane, jumla milioni 200. Kompyuta ya kawaida huzipitia zote ndani ya dakika chache na kupata ipi inatoa hashi ile. Anwani za IPv4 nazo ni bilioni 4.3 tu. Tumia HMAC, hashi inayokokotolewa pamoja na ufunguo wa siri, yenye ufunguo wa biti 256, na ufunguo ukae mbali na data, kwenye diski iliyofungwa kwa nenosiri kwa msimamizi wako.

Mahali pia hutaja mtu. Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba msimbo wa posta, tarehe ya kuzaliwa na jinsia vilitosha kuwatambua takriban asilimia 87 ya watu wa Marekani. Kijiji cha Kibosho chenye nyumba moja yenye intaneti ya nyuzi hakihitaji hata hayo. Chapisha kata, usichapishe nukta ya GPS, na kata yenye kifaa kimoja iunganishe na jirani yake.

Kuthibitisha kwamba hukugusa data

Data ghafi iandikwe mara moja na isirekebishwe kamwe. Usafishaji wote ufanywe na programu inayosoma ghafi na kutoa faili jipya, na programu hiyo ikae kwenye Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko) tangu siku ya kwanza. Kila usiku wa manane kifaa kikokotoe sha256sum ya faili za siku, kiweke pia hashi ya jana ndani ya orodha ya leo, na orodha itumwe kwa barua pepe ya msimamizi. Mtu akibadilisha faili moja la mwezi Machi, hashi za siku zote zinazofuata zinakataa kulingana. Hii inakulinda wewe kwanza: ukiulizwa kwa nini Usa River ina matokeo ya ajabu, unafungua ghafi mbele ya jopo.

Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Jaribu kurejesha nakala kila mwezi kwenye kompyuta tupu. Nakala isiyowahi kurejeshwa usiihesabu.

Endesha jaribio la wiki mbili kwa vifaa vitatu kabla ya kusambaza vyote, ukatishe umeme kwa makusudi, uchomoe modemu, ujaze diski. Kisha andika mpango wa uchambuzi na uutie tarehe kabla ya kuona data kuu. Ripoti thamani ya kati na pasentaili ya 95 (thamani ambayo asilimia 95 ya vipimo havizidi) kwa kila nyumba. Wastani wa ucheleweshaji huvutwa na vipimo vichache vya sekunde kadhaa, na mtumiaji wa simu ya video hauhisi wastani, anahisi zile nyakati mbaya.

Utafiti ukiisha, kusanya vifaa kwa orodha ile uliyovigawia, ondoa laini zote kwenye mifumo yako kisha zifunge kwa mtoa huduma, zisije zikagawiwa mtu mwingine zikiwa bado kwako, futa funguo za WireGuard kwenye seva, na siku iliyoandikwa kwenye fomu ya ridhaa futa ufunguo wa HMAC mbele ya shahidi anayesaini.